Kiharusi hakingoji tutafute feza



Kule kambini Tanzania tulitibiwa bila kulipa. Huku nyumbani, kila mlango wa hospitali ni feza. Leo tuongee kiharusi: uso unapinda, mkono unalegea, maneno hayatoki. Hapo saa zinahesabiwa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, inatolewa ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya picha ya skana. Kama ni mshipa uliopasuka, dawa hiyo inaweza kuua.

Mwenye mituweli anaonyesha kadi. Asiye nayo, jamaa wanazunguka kwanza kukopa, na saa zinakwisha. Hata akipona, anaweza kuzuiliwa pale mpaka deni liishe, na mazoezi ya kutembea anayaacha katikati.

Sheria ya mituweli tunayo tangu 2017. Lakini nyingi zinataka miezi ya kungoja: ukijiandikisha leo, hutibiwi kesho. Basi tuingie tungali wazima, na tuulize mbele ya kulipa: skana, gari la kuhamisha mgonjwa na mazoezi, vimo? Sanduku letu la michango litasaidia, ila peke yake halitoshi.