Usingoje Uvimbe Uume

MTANGAZAJI: Mama na dada mliovuka Petite Barrière mkaingia Gisenyi, ukigusa uvimbe kwenye titi, usingoje uume: mara nyingi kansa huanza bila maumivu. Lakini si kila uvimbe ni kansa. Huko Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kituo cha kansa kilifunguliwa mwaka 2012. Wauguzi na madaktari wa kawaida wamefundishwa hapo kupima matiti kwa ekografi, na watafiti wakafuatilia ujuzi wao. Kipimo hicho hakitumii mionzi. Huonyesha kama uvimbe ni maji au nyama. Ukitiliwa shaka, sindano huchukua kipande kikachunguzwe maabara. Mwambie muuguzi wa kambi leo, akuandikie barua ya hospitali.