Wimbo Peke Yake Haufundishi: Shughuli za Ubunifu na Kiingereza cha Watoto Wadogo

Mtaala wa elimu ya awali na msingi wa 2023, ulioanza kutekelezwa Tanzania Bara Januari 2024, umekirudisha Kiingereza darasa la kwanza. Kabla ya hapo, tangu mageuzi ya 2015, watoto wa darasa la kwanza na la pili katika shule zinazofundisha kwa Kiswahili walijikita katika kusoma, kuandika na kuhesabu, na Kiingereza kikasubiri hadi darasa la tatu. Sasa mwalimu wa darasa la kwanza amekabidhiwa somo ambalo wanafunzi wake wengi hawalisikii nyumbani, na akiuliza alifundisheje anajibiwa kwa nyimbo, michezo, maigizo na picha. Jibu hilo nalikubali kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo hoja ya makala hii: shughuli ya ubunifu humfundisha mtoto lugha pale tu inapomlazimu aelewe kisha achague. Achague tendo, picha, jibu au neno, na uchaguzi wake uonekane. Pasipo hilo tunabaki na ukariri uleule, ila sasa una ngoma.

Tuanze na wimbo, kwa sababu ndio unaopendwa zaidi. Darasa zima likiimba viungo vya mwili kwa Kiingereza, sauti hupaa na mgeni aliyetembelea shule hupiga makofi. Lakini sauti ya kundi huficha mengi. Mtoto anaweza kuimba beti zote kwa kumfuata jirani yake bila kujua goti ni lipi na bega ni lipi. Sisemi wimbo hauna faida. Humzoesha mtoto mdundo wa lugha na sauti zisizo za Kiswahili, tena humwondolea aibu. Faida hiyo huongezeka pale mwili unapoingia kazini. Mwanasaikolojia wa Marekani James Asher, katika makala yake ya 1969, alieleza majaribio ambamo wanafunzi waliosikia amri za lugha ya kigeni na kuzitekeleza wenyewe, kwa kusimama, kutembea au kuketi, walizikumbuka vizuri zaidi kuliko waliokaa wakitazama tu. Kwa hiyo mwalimu abadili mpangilio wa wimbo, aruke kiungo kimoja, ataje bega huku yeye mwenyewe akigusa goti, kisha aangalie ni nani anayefuata sikio na nani anayefuata jicho. Mabadiliko hayo hayagharimu hata shilingi moja, na hapo hapo wimbo umekuwa kipimo.

Mfano ulio bora zaidi tunao tayari uwanjani. Watoto wa Afrika Mashariki hucheza mchezo wa nyama: kiongozi hutaja wanyama mmoja mmoja, anapotaja anayeliwa wenzake huruka wakiitikia "nyama", na anapotaja asiyeliwa hunyamaza. Mchezo huu ukichezwa kwa majina ya Kiingereza, kila mtoto analazimika kuamua kwa haraka kama "goat" analiwa na kama "lion" haliwi. Hawezi kujificha, maana anayeruka kwa simba huonekana na wote, naye hucheka pamoja nao. Mwalimu wa Pwani atajua mwenyewe la kufanya na nguruwe. Kanuni moja ya mchezo wa uwanjani, hata hivyo, iachwe nje ya darasa: ile ya kumtoa anayekosea. Mtoto anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayetolewa mapema, akabaki ukutani akitazama wanaojua wakiendelea kujua. Baada ya siku chache uongozi upewe watoto wenyewe, kwa zamu. Kiongozi hana wa kumwiga, anatafuta neno kichwani mwake na kulitamka ili wenzake watende. Hapo ndipo kusikia kunapogeuka kuwa kusema, na mtoto haoni kwamba amepewa mtihani.

Shughuli hizi zinasimama juu ya Kiswahili, wala hazishindani nacho. Jim Cummins wa Kanada alitoa mwaka 1979 hoja ambayo bado inatumika sana katika elimu ya lugha: uelewa ambao mtoto ameujenga katika lugha anayoimudu humsaidia katika lugha ya pili. Mtoto anayeifahamu hadithi ya Sungura na Fisi kwa Kiswahili anaweza kuisikiliza kwa Kiingereza chepesi bila kupotea, kwa kuwa anajua nani anamdanganya nani. Kinachobaki kigeni kwake ni maneno tu. Hadithi ikishasimuliwa iigizwe. Mmoja awe Fisi, mwingine Sungura, na kila mmoja apewe sentensi mbili tatu ambazo anaruhusiwa kuzigeuza. Kuna wanaosema kutumia Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza ni kukiharibu kipindi, na zipo shule ambazo mtoto anayeteleza akasema Kiswahili huvishwa kibao shingoni. Kibao hakimfundishi mtoto Kiingereza. Humfundisha kunyamaza, na anayenyamaza hajifunzi kusema lugha yoyote.

Jambo la maandishi nalo lisipuuzwe. Mtoto wa darasa la kwanza ndiyo kwanza anagundua kwamba herufi za Kiswahili hazimdanganyi: anachokiona ndicho anachokitamka. Ukimwekea ubaoni "one" na "five" katika miezi hiyohiyo, atasoma "o-ne" na "fi-ve", na atakuwa amefuata sawasawa kanuni aliyofundishwa saa moja kabla. Heri Kiingereza cha mwanzo kikae masikioni, mdomoni, mikononi na kwenye picha anazochora mtoto mwenyewe na kuzieleza, kisha maandishi yafuate Kiswahili kikishasomeka.

Pingamizi la kwanza huhusu haraka. Sekondari inafundisha kwa Kiingereza, wanasema, kwa hiyo tusipoteze muda kwa michezo. Lakini ripoti ya Criper na Dodd ya 1984 iliwakuta wanafunzi wengi wa sekondari nchini Tanzania hawawezi kufuata masomo kwa Kiingereza, ilhali walikuwa wamekisoma kama somo kwa miaka kadhaa katika shule ya msingi. Miaka peke yake haileti umahiri. Utafiti wa Carmen Muñoz na wenzake huko Barcelona ulionyesha pia kwamba walioanza Kiingereza wakiwa na miaka 11 waliwapita walioanza wakiwa na miaka 8, walipolinganishwa baada ya saa sawa za kufundishwa. Kuanza mapema hakutoi ushindi wa bure. Alicho nacho mtoto mdogo ni sikio jepesi na ujasiri wa kukosea, na hivyo viwili havitumiki kwa kunakili ubaoni.

Pingamizi la idadi ya watoto ni zito zaidi. Darasa zima la watoto themanini haliwezi kuigiza duka kwa wakati mmoja, lakini linaweza kutii amri na kucheza nyama, na wakikaa wawili wawili linaweza kuulizana bei ya vizibo na makopo kana kwamba ni bidhaa. Ni kweli kutakuwa na kelele. Kuhusu Kiingereza cha mwalimu mwenyewe, ambalo ndilo jambo linalosemwa kwa sauti ya chini, michezo hii inahitaji maneno machache yaliyotamkwa vizuri na kurudiwa mara nyingi, na mwalimu anaweza kuyafanyia mazoezi na wenzake kabla ya kipindi. Mwenye Kiingereza kidogo na mchezo mzuri humfaa mtoto wa miaka sita kuliko mwenye Kiingereza kingi na fimbo ya kuelekezea ubaoni.

Ombi langu ni kwa walimu wakuu, wathibiti ubora na wazazi, kwa sababu mwalimu hufundisha kile atakachoulizwa. Katika mwaka wa kwanza wa Kiingereza msihesabu kurasa zilizojazwa daftarini. Ingieni darasani, mtoe amri tatu mpya kwa maneno ambayo watoto wanayajua, kisha mtazame ni wangapi wanaotenda bila kumwangalia jirani.