Kijana, Simu na Mkutano wa Kijiji

Hivi karibuni nilikwenda Berega, wilayani Kilosa, kumjulia hali dada yangu aliyelazwa hospitalini. Jioni nilikaa nje na mpwa wangu, kijana wa miaka 22. Simu yake ililia mfululizo, naye hakuipokea. Nikamwuliza kulikoni.

"Mjomba, ni kundi letu la WhatsApp. Mwenzetu kaweka maneno ya siasa, kila mtu kayasambaza isipokuwa mimi. Sasa wananiita chawa."

"Na ukiyasambaza?"

"Baba mkubwa atasema nawatafutia matatizo nyumbani."

"Wewe mwenyewe unaonaje?"

Akanyamaza kidogo. "Hilo hakuna aliyeniuliza."

Ndugu msikilizaji, jibu lile lilinikosesha usingizi. Wapo wanaosema simu imewaharibu vijana. Mimi sisemi hivyo. Mwezi Juni 2024 vijana wa Kenya waliupinga Muswada wa Fedha kwa simu hizo hizo. Lakini waliusoma kwanza, wakaelezana vifungu vyake hata kwa lugha za makwao. Tarehe 25 waliingia Bungeni Nairobi, na wapo waliouawa. Kesho yake Rais Ruto alitangaza kwamba hatausaini. Kusoma muswada ni kazi. Kusambaza neno la mwenzako kwa kuogopa kuitwa chawa ni utii tu, kama utii mwingine wowote.

Tena simu ina mwenyewe. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu wetu, siku iliyoingia vurugu na vifo, intaneti ilikatwa nchini. Kijana ambaye baraza lake lote lilikuwa mkononi akabaki hana wa kushauriana naye.

Baraza jingine lipo. Kwa sheria ya mwaka 1982, kila mkazi wa kijiji aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Nikamwuliza mpwa wangu kama huhudhuria. Alikwenda mara moja, katika kijiji chao ambacho sitakitaja. Alinyosha mkono aulize mapato na matumizi. Mzee mmoja akamwambia akae chini, hata mke hana.

Basi sisi wazee tusishangae. Tumemfukuza kijana barazani, naye amekwenda kukaa anakopokewa, japo huko nako anaambiwa la kusema. Lakini huko akikosea hutukanwa na mtu asiyemjua. Kijijini, tukibishana leo, kesho tutakutana kisimani na kusalimiana.

Asubuhi nilipokuwa nikiaga, mpwa wangu aliniuliza mkutano ujao wa kijiji ni lini. Nikamwambia amwulize mtendaji wa kijiji, na akiambiwa akae chini, aulize tena akiwa amesimama.