Watoto Watakwenda kwa Nani?

Sisi panya twamtilia sumu au twamtegea mtego. Huko Uingereza wako watu wanaomfuga nyumbani kama sisi tunavyofuga paka, na tangu mwaka 1976 wana chama chao. Cheka ukitaka, lakini sikiliza hesabu yao.

Panya jike hubeba mimba siku 22 hivi. Aweza kuzaa watoto 10 kwa mara moja, na siku ile ile ya kujifungua akapata mimba nyingine. Watoto nao, wakifika juma la tano au la sita, huanza kupandana, ndugu kwa ndugu, wasipotengwa mapema. Aliyetaka panya wawili hujikuta na arobaini!

Kwa hiyo mfugaji mwema hujiuliza kabla ya kumweka dume pamoja na jike. Je, wazazi hawa wana ugonjwa wa mapafu, unaowasumbua sana panya? Ni wakali, huuma? Kila mtoto atakwenda kwa nani, na akirudishwa nitampokea? Akikosa jibu, huwaacha mbalimbali.

Mithali 12:10 yamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyomtunza mnyama wake, wala haisemi ng'ombe peke yake. Basi, ndugu yangu, yule mbwa wako wa nyuma ya nyumba aliyezaa juzi: watoto wake wako wapi leo? Ni nani aliyewatia guniani akawapeleka mtoni?