Muziki wa Mkononi Ndani ya Gari: Tuijue Redio Kabla ya Kununua Kifaa



Mada ya leo yaweza kuonekana ndogo, lakini inagusa mifuko ya watu wengi: namna ya kuunganisha simu, au kicheza muziki cha mkononi, na redio ya gari.

Tuchukue mfano wa mtu aliyenunua gari dogo lililotumika huko Japani. Simu yake imejaa taarabu, kwaya, kaswida na mawaidha, naye angependa kuvisikia katika spika za gari. Anafika dukani, muuzaji anaitupia redio jicho moja na kutamka, “Hii haifai, nunua mpya.” Mnunuzi analipa, dashibodi inafunguliwa, nyaya zinakatwa, na redio iliyotoka na gari inabaki kwa fundi. Hakuna aliyemweleza kwamba pengine waya mmoja wa bei nafuu ungetosha. Hasara ya namna hii ndiyo tunayokusudia kuizuia, na kinga yake ni moja: mtumiaji aijue redio yake kabla hajanunua kifaa chochote.

Tuanze na njia zilizopo. Njia nyepesi kuliko zote ni tundu la duara lenye maandishi AUX. Tundu hilo lina upana wa milimita 3.5, sawa na lile la vipokea sauti vya masikioni. Huweza kuwa usoni pa redio, ndani ya kisanduku cha mbele ya abiria au chini ya kiwiko cha dereva, kwa hiyo litafuteni vema kabla ya kukata tamaa. Likiwapo, mahitaji yenu ni waya wenye ncha mbili za aina hiyo. Simu isiyo na tundu la duara itahitaji adapta ndogo, nayo ijaribiwe pamoja na simu yenyewe kabla ya kulipiwa. Kisha ongezeni sauti ya simu hadi kiasi cha robo tatu, na kinachobaki kirekebishwe kwenye redio.

Wapo wanaolalamika kwamba sauti huja na mlio mwembamba unaopanda kila gari linapokanyagwa mafuta. Chomoeni chaja ya simu. Mlio ukikoma, redio na spika zenu ni nzima, kwa maana kelele ile inapita katika umeme wa chaja. Kwa tatizo hilo kipo kichujio kidogo kinachowekwa kwenye waya wa sauti. Asikuuzieni mtu redio mpya kwa sababu ya mlio huo.

Njia ya pili ni tundu la USB. Hapa inafaa kutambua kwamba baadhi ya matundu hayo hutoa umeme wa kuchaji tu na hayasomi muziki. Aidha, redio nyingi za gari husoma flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 pekee, ilhali flashi na kadi za kumbukumbu zenye ukubwa wa Gigabaiti 64 na zaidi mara nyingi huuzwa zikiwa katika mfumo mwingine. Redio ikisema haioni kitu, jaribuni flashi ya Gigabaiti 32 au ndogo zaidi, na nyimbo ziwe za aina ya MP3.

Njia ya tatu ni Bluetooth. Redio kadhaa za zamani hupokea simu za maongezi kwa njia hiyo, lakini hazipokei muziki. Kwa hiyo muuzaji wa gari au wa redio akisema “ina Bluetooth”, msiridhike na jaribio la kupiga simu. Chezeni wimbo mzima hapo hapo, na mwendelee kusikiliza mpaka mwisho.

Magari ya zamani yenye sehemu ya kaseti hayajasahaulika. Ipo kaseti maalumu yenye waya: kaseti huingizwa redioni, na ncha ya waya huchomekwa kwenye simu au kicheza muziki.

Gari lisipokuwa na njia hata moja kati ya hizo, ndipo tunapofikia kifaa ambacho wauzaji hukiita modyuleta. Hiki huchomekwa katika tundu la kuwashia sigara, kikachukua muziki kutoka kwenye simu na kuurusha kwa mawimbi ya FM, na redio ya gari ikaupokea kama inavyopokea kituo chochote. Hapa ndipo wanunuzi wengi wa magari ya Japani hukwama, na sababu yake ni hii. Matangazo ya FM nchini kwetu husikika kati ya Megahezi 87.5 na 108. Redio nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani huanzia Megahezi 76 na kuishia 90, na za miaka ya karibuni hufika 95. Mtu akiweka modyuleta katika 100.0, redio inayoishia 90 haiwezi kuifikia. Kifaa ni kizima, redio ni nzima, ila havikutani. Dawa ni kuiweka modyuleta kati ya 87.5 na 90, mahali pasipo na kituo.

Iwapo gari limefungwa kile kifaa cha kupanua masafa, ambacho mafundi hukiita ekspanda, hesabu hubadilika. Ekspanda hushusha masafa kabla hayajaingia redioni. Ikiwa yenu hushusha kwa Megahezi 20, kituo cha 100.0 kitasomeka 80.0, na modyuleta iliyowekwa 100.0 itafutwe hapo hapo kwenye 80.0. Muulizeni fundi ekspanda yenu hushusha kiasi gani. Kuuliza si ujinga.

Kumbukeni pia kwamba modyuleta ni kirusha mawimbi, japo kidogo. Nguvu ikizidi, jirani yenu kwenye foleni atasikia nyimbo zenu badala ya taarifa ya habari. Vifaa vinavyorusha mawimbi ya redio husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kwa sababu hiyo, msinunue kifaa kinachosifiwa kwa kurusha mbali. Muziki wenu unahitaji kufika kwenye redio yenu tu. Vilevile, masafa yaliyo wazi Dar es Salaam yaweza kuwa na kituo mkifika Morogoro, hivyo simamisheni gari ndipo mbadilishe. Na wenye malori wasome maandishi ya kifaa: magari mengi madogo hutumia umeme wa volti 12, malori mengi volti 24. Kifaa cha volti 12 pekee kikichomekwa kwenye volti 24 huungua.

Lipo onyo moja kwa wenye redio za Japani zilizo na ramani. Baadhi yake hufanya kazi kwa kadi ya kumbukumbu iliyomo ndani. Mtu akiichomoa kadi hiyo na kuifuta ili aweke nyimbo, redio nzima yaweza kukataa kuwaka. Nyingine hujifunga betri ikiondolewa, na hudai namba ya siri. Kadi mliyoikuta humo iacheni, na fundi asiguse betri kabla ya kueleza redio yenu itarudije.

Ikiwa kazi inamhitaji fundi, tunashauri mambo manne. Kwanza, mpatane bei ya kifaa na bei ya ufundi, kila moja peke yake. Pili, akataeni nyaya za gari kukatwa pale panapopatikana soketi ya kuunganishia. Tatu, umeme wa kifaa kipya upite kwenye fyuzi ya kiwango chake, maana waya usio na fyuzi ukigusana na bodi ya gari waweza kuwaka moto. Nne, redio ya zamani ni mali yenu, ondokeni nayo.

Kabla ya kulipa, jaribuni kifaa ndani ya gari lenu wenyewe, injini ikiwa inaunguruma. Daini risiti inayotaja kifaa na muda wa dhamana, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji kuhusu bidhaa. Aliyeambiwa kifaa kitafanya kazi katika gari lake, kisha kikashindwa, arudi dukani na risiti yake. Asiposikilizwa, afikishe malalamiko Tume ya Ushindani.

Mwisho, tuseme la usalama. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 44 katika sekunde mbili, muda wa kuangalia jina la wimbo. Pangeni nyimbo kabla ya kuondoka, au mwachieni abiria kazi hiyo.

Ndugu wananchi, mkitoka hapa leo, ingieni katika magari yenu na mtazame: kuna AUX, kuna USB, kuna Bluetooth, na redio inaishia Megahezi ngapi? Andikeni majibu hayo manne kwenye karatasi, muende nayo dukani. Mwenye karatasi hiyo atanunua anachokihitaji, na si kile ambacho muuzaji anataka kukitoa rafuni.