Soriasisi Ina Sura Nyingi: Tuitambue Kabla ya Kutoa Dawa

Mada kwa semina ya wahudumu wa afya, Isongole, Wilaya ya Ileje



Mgonjwa mwenye magamba mwilini akifika kwenye zahanati zetu, mara nyingi keshapita kwingine. Kauziwa dawa ya fangasi dukani, kapakwa miti shamba, na majirani wameanza kunong'ona kwamba ana ukoma. Kuchanganya soriasisi na ukoma hakukuanza kwetu. Huko Ulaya wagonjwa walitengwa kwa karne nyingi, hadi daktari Ferdinand von Hebra wa Vienna alipoyatenganisha wazi magonjwa hayo mawili mwaka 1841. Kipimo cha kwanza tunacho mkononi: mwambie mgonjwa afumbe macho, kisha gusa baka kwa ncha ya pamba. Mwenye soriasisi anahisi. Kwenye baka la ukoma, hisia mara nyingi zimepungua au zimekwisha. Tena soriasisi haiambukizi. Kinga ya mwili inaharakisha ngozi kuota, kazi ya takriban mwezi mmoja ikafanyika kwa siku chache, na magamba yakarundikana. Hali hiyo hufuata ukoo.

Takriban wagonjwa tisa kati ya kumi wana soriasisi ya mabaka, inayokaa kwenye viwiko, magoti, kichwani na kiunoni. Vitabu vingi vinasema baka ni jekundu. Ukisubiri wekundu kwenye ngozi nyeusi, utampoteza mgonjwa. Kwetu baka huwa la zambarau, la kijivu au la kahawia iliyokoza. Chukua kijiti cha kukandamizia ulimi, ukwangue taratibu: unatoka unga mweupe kama nta ya mshumaa iliyoparwa, na ukiendelea kidogo vinajitokeza vidoa vidogo vya damu. Choa hakiko hivyo. Ukingo wake umeinuka na katikati panaelekea kupona.

Mtoto au kijana akitokwa ghafla na vipele vingi vidogo vyenye magamba, kifuani na mgongoni, muulize kama wiki mbili tatu zilizopita aliumwa mafindofindo. Aina hii mara nyingi huisha yenyewe baada ya miezi michache. Ya kwenye mikunjo, yaani kwapani, chini ya matiti na kwenye kinena, kwa kawaida haina magamba. Inang'aa na ina majimaji, ndiyo maana mama anapewa dawa ya fangasi mwaka mzima bila nafuu. Angalia na kucha: vishimo vidogo vidogo, au ukucha unaoachana na nyama. Ukiviona, uliza kuhusu viungo vinavyokakamaa asubuhi. Karibu theluthi moja ya wagonjwa wa soriasisi hupata ugonjwa wa viungo, na vidole vikishapinda havirudi.

Sasa nifike kwenye aina mbili zinazoua. Ya kwanza ni ya usaha: vipele vya usaha usio na vijidudu vinaenea mwilini pamoja na homa. Ya pili ni ile ngozi karibu yote inapowaka na kubanduka. Mgonjwa huyu anapoteza maji na joto la mwili, na kwa baridi ya milima yetu ya Juni na Julai hana muda wa kusubiri. Mfunike, mpe maji, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mara nyingi mlango wa hatari hii tunaufungua wenyewe kwa vidonge vya predinisoloni. Mgonjwa akimeza, magamba yanapungua ndani ya siku chache na kila mtu anafurahi. Dozi inapokwisha ugonjwa unarudi kwa kishindo, na mabaka ya kawaida yanaweza kugeuka usaha au kubanduka mwili mzima. Krimu kali za klobetasoli, zikiwemo zinazochanganywa kwenye mkorogo, zikipakwa mwili mzima kwa miezi zina hatari hiyo hiyo. Soriasisi iliyolipuka ghafla kwa mtu mzima itufanye pia tupime VVU, kwa sababu maambukizi hayo huizidisha na ARV huituliza.

Tunachoweza kuanza nacho hapa ni mafuta mazito ya mgando kila baada ya kuoga, marhamu ya asidi ya salisiliki, jua la asubuhi kwa kiasi, na krimu ya steroidi kwa eneo dogo na muda mfupi. Mgonjwa akirudi kutoka hospitali ya Mbeya na dawa ya methotreksati, hakikisheni anaimeza mara moja kwa wiki, si kila siku, na kamwe asipewe mjamzito.

Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu, kwa kuwa watu wengi wanateseka kwa kutotambuliwa au kutibiwa vibaya. Kwa Isongole ombi langu ni moja: mgonjwa mwenye magamba asiandikiwe predinisoloni kabla hatujampigia simu daktari wa ngozi.