Ndoano ya Mchezo na Ndoano ya Chakula

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Cheyo, Tabora)



Nilipoombwa niseme juu ya jambo linalohusu kazi ya Serikali, niliona nisiwachoshe kwa habari za mafaili. Nitasema juu ya uvuvi, na hasa juu ya siku ile Serikali inapomwambia mtu: sasa usivue.

Najua baadhi yenu mmeanza kucheka. Mnakumbuka jinsi tulivyokuwa tukitoroka Jumamosi, baada ya usafi, kwenda Bwawa la Kazima na mishipi yetu. Chambo chetu kilikuwa minyoo tuliyochimba nyuma ya jiko. Perege tuliowapata hawakuzidi kiganja, tukawachoma na kuwala bila chumvi. Siku moja mlinzi alitukamata. Hakutupiga, alituamuru tuwarudishe majini wote waliokuwa bado hai. Njia nzima tulinung'unika: samaki wachache wa watoto wa shule watapunguza nini? Nilidhani swali hilo nimeliacha hapa Tabora. Kumbe lilinifuata mpaka Kigoma.

Sisi wa Tabora na watu wa Ziwa Tanganyika tu majirani wa siku nyingi. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapa kabla ya kuendelea Ujiji. Reli nayo ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo nani kati yetu hajasafiri na magunia ya dagaa? Mezani petu, ziwa lile si mbali hata kidogo.

Sasa ziwa hilo lina nchi nne: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Samaki hana pasi ya kusafiria. Anayezaliwa upande mmoja huvuliwa upande mwingine. Kwa hiyo mwaka 2021 nchi hizo zilikubaliana juu ya hatua za pamoja za kulinda uvuvi, na moja kati ya hizo ni kulipumzisha ziwa miezi mitatu. Upande wetu, ziwa lilifungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili dagaa na migebuka wapate kuzaa na wadogo wapate kukua.

Hapana shaka sababu ilikuwapo. Lakini tuseme kweli yote, maana si haki kumtwika mvuvi mzigo wote wa lawama. Watafiti walieleza mwaka 2003 kwamba maji ya ziwa hilo yanazidi kupata joto. Maji ya juu yakipata joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na rutuba inayolisha vijidudu vya majini inabaki vilindini. Vijidudu vikipungua, dagaa hupungua. Dagaa wakipungua, mgebuka anayewala hupungua pia. Joto hilo halikuletwa na mtu wa Ujiji mwenye mtumbwi na karabai.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi Kigoma. Nilikuwa miongoni mwa watumishi waliokwenda mialoni kueleza tangazo hilo. Nilieleza vizuri, nadhani, kwa maneno ya mtu aliyesoma chuo kikuu. Wavuvi walisikiliza. Kina mama wanaoanika dagaa mchangani walisikiliza pia, na mmoja akauliza swali moja tu: mkopo wangu nao utapumzika miezi mitatu? Sikuwa na jibu zuri. Nilisema litaangaliwa, kama tusemavyo sisi maofisini.

Sasa nawakiri kosa langu. Mimi bado napenda kuvua. Ninayo fimbo nzuri yenye gurudumu la mshipi, na ilikuwa kawaida yangu kila Jumamosi jioni kukaa juu ya mawe, nikatupa ndoano na kusahau ofisi. Ziwa lilipofungwa nilianza kutafuta mwanya. Nilijiambia kwamba mimi si mvuvi, sina wavu, sina taa, nina ndoano moja tu ya kujiburudisha. Jumamosi ya pili nikachukua fimbo nikaenda.

Njiani nilimkuta mzee mmoja, naye nilimwona kwenye mkutano wetu. Alikuwa anashona nyavu zake kivulini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda wapi na fimbo hiyo?"

Nikamweleza kwamba ni mchezo tu, si uvuvi. Akakata uzi kwa meno, kisha akaniuliza polepole: "Kwani samaki anaijua ndoano ya mchezo na ndoano ya chakula?"

Nilirudi nyumbani. Fimbo niliifungia kabatini mpaka Agosti. Sikufungua tena kitabu cha kanuni kutafuta kama ninaruhusiwa au siruhusiwi, maana jambo lenyewe halikuwa la kanuni tena.

Ndugu zangu, wako watu wa mbali walioulizwa swali kama hilo majira yale yale. Mwezi Juni 2024, Serikali ya Norway ilifunga mito 33 isivuliwe salmoni, kwa kuwa waliorudi kutoka baharini walikuwa wachache mno. Baadhi ya mito ilifunguliwa baadaye kwa masharti. Wengi wa waliozuiwa walikuwa watu wa fimbo, wavuao kwa burudani. Wao walipoteza likizo na starehe. Wa Kigoma walipoteza kitoweo na ada ya shule. Mizigo haikuwa sawa, lakini msingi ulikuwa mmoja: samaki akipungua, hata mwenye kucheza asimame.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki tuliwahi kuona kinyume chake. Mwaka 1905 trauti, samaki wa ukoo wa salmoni, aliletwa kutoka Uskochi akapandwa katika mito ya milima ya Kenya kwa ajili ya mchezo wa walowezi. Mwenye fimbo na leseni akawa mvuvi mwungwana. Mwenye kikapu cha kutegea akawa mwizi. Huko ndiko tusikotaka kurudi.

Mvuvi wetu si mgeni wa kupumzisha maji. Usiku wa mbalamwezi taa haivuti dagaa, naye hubaki pwani akatengeneza nyavu. Anajua kungoja. Asichokijua ni kungoja peke yake, huku wengine wakiendelea. Kwa hiyo mimi naona mambo matatu. Tangazo litolewe mapema, ili watu wajiwekee akiba. Wadai wa mikopo waitwe mkutanoni siku ile ile wanapoitwa wavuvi. Na anayesoma tangazo awe wa kwanza kulitii.

Namalizia. Kamati imeniambia kwamba kesho asubuhi baadhi yetu wanataka kwenda bwawani na ndoano, kukumbuka utoto. Nami nitakwenda. Lakini safari hii tusitoroke. Tupite kwanza kuomba ruhusa, tulipe kinachopaswa kulipwa, na perege asiyezidi kiganja arudi majini. Kama yule mlinzi wetu yu hai, natamani asikie kwamba tumemwelewa, ingawa tumechelewa.